Nani Aibaye Dominika Yetu?



Siku moja tunayo kwa majina mawili. Sokoni na kazini twaiita Jumapili, yaani siku ya pili kwa hesabu inayoanzia Jumamosi. Kanisani twaiita Dominika, neno litokalo katika Kilatini, lenye maana ya siku ya Bwana. Jina la kwanza lahesabu tu; jina la pili latuambia siku hiyo ni ya nani. Basi leo tujiulize: nyumbani mwetu ingali Dominika, au imebaki Jumapili tu?

Wengi hulalamika kwamba dunia ya sasa haimjali Mungu. Maduka hayafungwi, mipira yachezwa saa za Misa, na simu haitoki mkononi tangu alfajiri hata usiku. Malalamiko hayo yana kweli ndani yake. Lakini tusome kwanza habari za waliotutangulia, ndipo tuhukumu.

Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru Vitabu Vitakatifu vichomwe moto, na Wakristu wasikusanyike tena. Katika mji mdogo wa Abitina, katika nchi iitwayo leo Tunisia, askofu mwenyewe alishindwa na hofu, akavitoa Vitabu. Hata hivyo, mwaka 304, padre Saturnino na waumini wake, wote pamoja watu 49, walikamatwa kwa sababu ya kukutana nyumbani kuadhimisha Ekaristi siku ya Bwana. Wakapelekwa Karthago mbele ya liwali wa Kirumi. Emerito, mmoja wao, alipoulizwa kwa nini aliwakaribisha watu hao kinyume cha amri, alijibu kwamba pasipo adhimisho hilo la Bwana hawawezi kuishi. Alikuwamo hata mtoto mdogo, Hilariano, naye hakukana. Hao ni Waafrika, ndugu zetu katika imani.

Tena tukumbuke kwamba wakati ule Dominika haikuwa siku ya mapumziko. Ni mwaka 321 tu ndipo Kaisari Konstantino alipoamuru mahakama na kazi za mijini zisimame siku hiyo. Kwa karibu miaka 300 kabla yake, Wakristu walilazimika kutafuta saa ya kusali kabla ya mapambazuko au baada ya jua kuchwa, kisha wakarudi katika kazi zao kama watu wengine. Baadhi yao walikuwa watumwa, wasio na ruhusa ya kuomba kwa bwana yeyote.

Katika nyakati za karibu zaidi, serikali zilijaribu kuifuta siku yenyewe. Ufaransa, mwaka 1793, iliweka juma la siku kumi, pumziko likawa siku ya kumi. Kalenda hiyo ilikoma mwisho wa mwaka 1805. Urusi ya Kisovieti, mwaka 1929, iliweka juma la siku tano, ili viwanda visisimame kamwe na desturi za dini zififie. Wafanyakazi waligawanywa makundi, kila kundi na siku yake, hata mume na mke waweza kukosa kupumzika pamoja. Mwaka 1940 serikali hiyo hiyo ilirudisha juma la siku saba. Tena jambo la kuzingatia: kwa Kirusi Dominika huitwa kwa neno lenye maana ya Ufufuko. Amri zilipita, na jina hilo lingali midomoni mwa watu hata leo.

Sasa tujitazame sisi. Hapa kwetu hakuna Kaisari atuzuiaye. Kengele yalia waziwazi na mlango wa kanisa u wazi. Basi aibaye Dominika yetu ni nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Baba awaambia watoto, "Tangulieni, nitakuja," kisha abaki dukani. Juma hili ni duka, juma lijalo ni mchezo, la tatu ni uchovu tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na mtoto, ambaye macho yake hujifunza upesi kuliko masikio, huelewa kwamba dini ni kazi ya watoto na akina mama. Siku atakapokuwa mtu mzima, naye atabaki dukani. Hapo hakuna adui aliyekuja. Nyumba imejibomoa yenyewe.

Hatusemi haya ili kuwalemea wenye kazi za lazima. Muuguzi aliye zamu, mlinzi langoni, mama auguzaye mtoto, hao hawana hatia. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yakubali kwamba ashirikiye Misa Jumamosi jioni ameitimiza amri ya Dominika. Na pale kigangoni ambapo padre hafiki kila juma, ibada ya Neno iongozwayo na katekista isidharauliwe. Tusipoweza kuipata siku nzima, tusiache kuitafuta saa moja.

Basi yatupasa kuanza nyumbani. Jumamosi jioni nguo ziandaliwe na masomo ya Misa yasomwe. Dominika baba na mama waende pamoja na watoto. Chakula cha siku hiyo kiliwe pamoja, simu zikiwekwa kando, na mgonjwa au mjane wa jirani atembelewe. Mambo hayo ni madogo, wala hayahitaji fedha. Lakini ndiyo yaliyoibeba imani mahali ambapo sheria zote zilikuwa kinyume chake.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:

1. Ni jambo gani hasa lililotuzuia kwenda Misa mara ya mwisho tulipokosa? Je, lilikuwa la lazima?

2. Watoto wetu hujifunza nini juu ya Mungu kwa kututazama siku ya Dominika?

3. Katika jumuiya yetu, ni nani azuiwaye na kazi au ugonjwa, nasi twaweza kumsaidia namna gani?