Kichaa cha mbwa katika kisiwa cha Pemba

Katika Kabambare mbwa ni mwenzi wa mwindaji. Usiku hulinda mlango, asubuhi huwafuata watoto shambani. Lakini mbwa yuleyule akishikwa na kichaa, mate yake hubeba mauti. Akimwuma mtoto, ugonjwa huingia katika kidonda na kupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi hupita mwezi mmoja hata mitatu, na mtoto hucheza kama kawaida. Siku anapoanza kuogopa maji, karibu kila mara ameshachelewa. Ndiyo maana kidonda, hata kikiwa mkwaruzo tu, huoshwa palepale kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa hospitali kuchomwa sindano.

Sindano hiyo humwokoa mtoto, lakini haimzuii mbwa kuwauma wengine. Watu wa Pemba, kisiwa cha Zanzibar, waliliona jambo hilo.

Mwaka 2010 kichaa kilikuwa kimeenea huko, nao wakaanza kuwachanja mbwa. Mwanzoni kazi haikuwa kamili. Baadaye ikaenda vizuri zaidi. Mbwa wagonjwa wakapungua, na pamoja nao watu walioumwa na waliokufa. Kufika mwezi wa tano mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka.

Kisha chanjo ikalegea. Nani humchanja mbwa mzima? Lakini mbwa haishi miaka mingi. Waliochanjwa hufa, na watoto wao hukua bila kinga. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa kikaingia tena, si mara moja bali mara mbili. Mbwa haogelei bahari ile. Huvushwa na watu. Ikabidi kuchanja tena kisiwa kizima, na mwezi wa kumi mwaka 2018 ugonjwa ukakoma.

Waganga husema yafaa kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Hapo kichaa huwa kama moto wa mbuga uliokuta majani mabichi: huwaka kidogo, kisha huzimika.

Kabambare haina bahari. Ina njia ya Kasongo, na njia ya zamani ya misafara iendayo ziwa Tanganyika, na mbwa huwafuata wawindaji na wachuuzi kutoka kijiji hata kijiji.

Maswali. Kwa nini kichaa kilirudi Pemba? Mbwa waliozaliwa kwenu mwaka huu, ni wangapi waliochanjwa?