Vita vilipita kwetu: ninavyosoma historia

Mtu wa Kwale akiniuliza aanzie wapi kusoma historia, humwambia aanze na vita vilivyopiganwa mahali anapoweza kufika kwa matatu akarudi siku hiyo hiyo. Kwetu huku ni Gasi na, ukiingia bara kidogo, Mwele.

Chagua mtu mmoja umfuate. Mimi nilimfuata Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gasi, ambaye nyumba yake ingali pale kijijini. Ngome yake ya Mwele ilivunjwa na Waingereza Agosti 1895. Mwaka uliofuata alivuka mpaka kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam 1910. Waingereza wamemwandika kuwa mwasi, basi. Kwa hiyo kabla ya kuwasoma wao, tafuta historia ya ukoo wa Mazrui iliyoandikwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Ukishajua kwamba ukoo huo uliitawala Mombasa mpaka Seyyid Said alipoung'oa 1837, hasira ya Mbaruk utaielewa.

Usiondoke Mwele bado. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliuawa huko Arthur Wavell, Mwingereza mwenye shamba la mkonge Nyali, aliyeongoza kikosi cha Waarabu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Ndiye aliyewahi kwenda Makka akijifanya Mzanzibari, akaisimulia safari hiyo katika kitabu cha 1912. Nakipenda sana kitabu hicho, ila jicho langu liko kwa Masaudi, Mswahili wa Mombasa aliyefuatana naye. Kila anapotajwa natia alama ya penseli pembeni: yuko wapi, anafanya nini, anasemewa na nani. Nikizifuata alama hizo peke yake, napata safari nyingine kabisa.

Vitabu vya uhalifu navyo visidharauliwe. John Kiriamiti aliandika maisha yake ya ujambazi akiwa gerezani, kitabu kikatoka 1984, na ndiye aliyenizoesha kumsikiliza msimulizi anayejitetea huku akikuburudisha. Sikio hilo hilo nililipeleka kwa jenerali wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliyeshinda Jasin, ng'ambo tu ya Vanga, Januari 1915. Ushindi ule ulimgharimu maofisa na risasi nyingi hata akaanza kukwepa mapigano makubwa. Kumbukumbu za jenerali zisome kama utetezi wa mshtakiwa, kisha ushike riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Afterlives*, uwaone askari na watu wa kawaida waliobeba vita vile.

Wapagazi waliochukuliwa kwa maelfu ndio walioandikwa kidogo kuliko wote. Kama kwenu Msambweni, Lunga Lunga au Kinango yuko mzee ambaye babu yake alichukuliwa kubebeshwa mizigo ya vita, nenda kwake mwezi huu na daftari. Andika jina la babu huyo, kijiji chake, alikopelekwa, na kama alirudi.