Noti Iliyo Baina ya Vibonye: Somo la Hesabu na Muziki

Walimu wengi wanaoanza kazi hufundisha kuimba kwa kufuata kinanda cha umeme. Mtoto akitoa sauti iliyo baina ya vibonye viwili huambiwa amekosea. Katika skuli za Unguja jambo hili lataka hadhari, kwani huenda mtoto huyo ameipata sauti yake katika taarab. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mjini Zanzibar mwaka 1905, kimejengwa juu ya kanuni, udi na fidla, na nyimbo zake hufuata pia maqamu za Kiarabu kama vile Rast na Bayati, ambazo zina noti zisizomo katika kinanda cha kawaida. Mpiga fidla huitafuta noti hiyo kwa kidole. Mpiga kanuni huinua au hushusha kijiti kidogo cha chuma chini ya uzi. Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, kama ya East African Melody, iliegemea zaidi vinanda vya umeme, na kizazi kizima kimelizoea sikio hilo jingine.

Tunapendekeza suala hili lifundishwe kwa hesabu, na mfano mzuri tumeupata katika kompyuta ndogo za nyumbani za zamani. Hatusemi skuli inunue mashine hiyo; tunachohitaji ni namba zake.

Commodore 64 ilitoka Marekani mwaka 1982. Sauti yake ilitolewa na kipande cha elektroniki kiitwacho SID, kilichobuniwa na Robert Yannes. Kilikuwa na sauti tatu tu; mtungaji aliyetaka noti nyingi zilie pamoja aliirusha sauti moja kutoka noti hadi noti upesi mno, hata sikio likadanganyika. Lakini mashine haikuwa na kibonye cha noti. Ilipewa namba, nayo ikalia.

Kompyuta ya biti 8 huweka katika kisanduku kimoja cha kumbukumbu namba kutoka 0 hadi 255, basi. Namba ya noti ni kubwa zaidi, kwa hiyo hugawanywa katika visanduku viwili. Katika kisanduku cha kushoto kila kete moja ni sawa na 256. Katika cha kulia kete moja ni moja. Mwalimu alete makopo mawili na kete za mabao mawili ya bao. Aandike ubaoni: E iliyoshushwa nusu toni ni 5298, na E yenyewe ni 5613. Wanafunzi wagawanye kwa 256. Ya kwanza itatoa 20 na baki 178, ya pili 21 na baki 237. Kete 128 hazitatosha, nao wataligundua hilo wenyewe. Baki iandikwe kwenye karatasi.

Kisha mwalimu aulize: je, 5453 yaweza kutiwa? Watagawanya, wapate 21 na baki 77. Safari hii kete zatosha. Mashine ingeipokea namba hiyo bila ubishi wowote. Kwa mashine zilizouzwa Ulaya, namba ikizidishwa kwa 0.05873 hutoa mitetemo kwa sekunde: 311, 320 na 330. Ile ya katikati ndiyo jirani ya noti ya Bayati inayoanzia D. Tunasema jirani kwa sababu wapigaji hawaiweki mahali pamoja daima. Wengine huishusha kidogo zaidi.

Sasa sauti isikike. Kazeni mshipi wa kuvulia juu ya ubao, sentimita 60 baina ya vigingi viwili, uwe D. Kijiti kisogezwe chini ya mshipi, na sehemu ndefu ndiyo ipigwe: kwa sentimita 56.6 italia E iliyoshushwa, kwa 53.5 E, na kwa 55 ile noti yetu. Kijiti kiguse mshipi tu. Kikiunyanyua, noti itapanda na vipimo vitaharibika.

Darasa litagawanyika. Baadhi watasema ya 55 ni mbovu, na wengine, hasa waliolelewa karibu na mazoezi ya vikundi, wataitambua. Mwalimu asiamue kwanza. Apige rekodi ya kanuni, kisha aurudie mshipi.