TANGAWIZI SI DAWA YA KILA MTU

Tangawizi tunaijua sote. Tunaitia kwenye chai na kwenye mchuzi, na wauza kahawa hawaisahau katika birika zao. Wenzetu wa milima ya Upare, wilayani Same, wanailima na kuiuza. Kwa mtu mwenye afya, tangawizi ya chakula haina ubaya. Leo tujifunze habari za mgonjwa anayeitumia kama dawa.

Kiungo na dawa

Kipande kidogo kwenye birika la watu wanne ni kiungo. Lakini wako wanaosaga tangawizi kavu na kulamba unga wake kijiko kizima, asubuhi na jioni. Kijiko kimoja cha chai kina unga wa gramu 2 hivi. Tena tangawizi ikikauka, ukali wake huzidi. Basi hapo siyo kiungo tena, ni dawa. Na dawa haimfai kila mtu.

Nani ajihadhari?

1. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Tangawizi nyingi inaweza kuchelewesha damu kuganda. Tuchukue mfano. Mzee ameganda damu mguuni, na hospitali imempa warfarini. Kipimo chake kimepangwa baada ya kupima damu yake. Jirani anamwambia, "Kunywa tangawizi kali kila siku, mti shamba hauna madhara." Mzee akianza kutoka damu puani au kwenye fizi, au akipata choo cheusi kama lami, hiyo ni hatari. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

2. Anayengoja kupasuliwa. Amwambie daktari mapema kwamba anatumia tangawizi. Mara nyingi huambiwa aiache wiki 1 au 2 kabla.

3. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo. Tangawizi inaweza kuongeza mwendo wa nyongo. Jiwe likisogea na kuziba njia, maumivu chini ya mbavu za kulia huwa makali sana.

4. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo. Ukali wa tangawizi unaweza kumzidishia moto tumboni.

5. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetumia dawa. Tangawizi nyingi pamoja na dawa hizo inaweza kushusha sukari au shinikizo kupita kiasi. Mwenye kisukari akitetemeka, akitoka jasho na kuona njaa ya ghafla, apewe maji ya sukari haraka.

6. Mama mjamzito. Tangawizi kidogo huwasaidia wengi kupunguza kichefuchefu. Lakini asinywe ya kukolea bila kuuliza kliniki, hasa akiwa ametokwa na damu au akikaribia kujifungua.

Tufanye nini?

Tukienda zahanati, tusitaje vidonge tu. Tutaje pia mizizi, majani na unga tunaotumia nyumbani. Mganga hawezi kujua tulichokunywa tusipomwambia. Wala tusiache dawa ya hospitali ili tushike tangawizi. Kuficha ni aibu ya dakika moja. Kutoka damu kunaweza kuondoa uhai.

Maswali ya kujadiliana

1. Tangawizi huacha lini kuwa kiungo na kuwa dawa?
2. Taja dalili tatu za kutoka damu.
3. Nyumbani kwako, nani anameza dawa kila siku? Je, mganga wake anajua anakunywa nini kingine?