Kijana Aliyeacha Mshahara

Wasomaji wetu, leo tunasoma habari za kijana wa Marekani, jina lake Brad Stevens. Yeye alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Mchezo huu wengi wenu mmeuona shuleni: watu watano kila upande, na mpira hutiwa katika pete iliyo juu, kama mita 3 kutoka chini.

Stevens alisoma uchumi katika chuo cha DePauw, jimbo la Indiana, akamaliza mwaka 1999. Aliichezea timu ya chuo. Halafu akapata kazi katika kampuni kubwa ya dawa, Eli Lilly. Mshahara ulikuwepo, lakini moyo wake ulibaki uwanjani. Alitaka kuwa kocha, yaani mwalimu wa timu.

Sasa, ukocha wa chuo kikuu kule Marekani unagombewa sana. Timu moja ina kocha mkuu mmoja na wasaidizi wachache tu, lakini vijana waliowahi kucheza ni wengi mno. Kujua kucheza hakutoshi. Lazima wenye timu wakuone unavyofanya kazi. Hata kwetu, fundi cherehani hampi mgeni kitambaa cha mteja siku ya kwanza.

Basi, mwaka 2000 Stevens akaacha kazi, akaenda Chuo Kikuu cha Butler, mjini Indianapolis, kuisaidia timu bila malipo. Kwanza alizungumza na mchumba wake, naye akakubali. Je, alikuwa na wazimu? Sisi tunaona hakukurupuka. Hakuwa na mtoto wa kulisha, na alikuwa tayari kuwapelekea watu chakula mezani mkahawani ili apate riziki.

Muda si mrefu nafasi ikapatikana katika ofisi ya timu. Akapewa yeye, maana alikuwa papo hapo. Mwaka 2001 akawa kocha msaidizi. Mwaka 2007 akawa kocha mkuu, ana miaka 30.

Mwaka 2010 Butler ilifika fainali ya vyuo vya Marekani, ikafungwa na Duke 61 kwa 59. Mwishoni kabisa mchezaji wa Butler alirusha mpira kutoka katikati ya uwanja. Ukagonga pete, ukatoka! Mwaka 2011 wakafika tena, wakafungwa tena. Hata hivyo, mwaka 2013 timu ya kulipwa ya Boston Celtics ilimchukua awe kocha wake.

Maswali

1. Mwaka 2010 Butler ilizidiwa pointi ngapi?

2. Kwa nini Stevens alipewa nafasi ya ofisini?

3. Mwanao akitaka kuacha mshahara ili ajifunze kazi nyingine bila malipo, utamwuliza nini kabla ya kumjibu?