Kugeuza Honda CG125 Kuwa Kafe Resa: Mwongozo kwa Mafundi wa Unguja

Mteja akikuletea CG125 kuukuu pamoja na picha ya kafe resa kwenye simu, usikimbilie msumeno. Muulize kwanza anapita wapi kila siku. Mkaazi wa Mkunazini au Malindi anakata kona za vichochoro, na usukani wa vipande viwili unaobana kwenye shokapu za mbele hugonga tangi kabla kona haijaisha. Huyo mfungie usukani mmoja, mnyoofu na wa chini. Wa vipande viwili mwachie mtu wa Tunguu anayetumia barabara kuu. Vyovyote iwavyo, washa injini, kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia: mngurumo ukipanda, waya wa aksela unavutwa, upitishe upya.

Mtindo wa kafe resa ulishamiri London miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliotafuta kilometa 160 kwa saa kutoka mkahawa hadi mkahawa. CG125, iliyoingia sokoni 1976, haifiki huko, na kwa kahawa ya Jaws Corner haina haja. Ubora wake ni injini nyepesi kutunza na tangi linalopendeza likilazwa sambamba na kiti.

Kiti kichonge kwa kadibodi kwanza. Kabla ya kukata mkia wa chesisi, toa shokapu za nyuma, inua gurudumu hadi kikomo cha mwendo wake, uone kama litagusa kiti. Mahali shokapu zinaposhikilia pasiguswe. Ukichomelea, tenganisha betri na uondoe tangi kabisa. Namba za chesisi na injini zisipigwe msasa wala kuzamishwa kwenye rangi, usajili unazitegemea.

Vikanyagio vilivyorudishwa nyuma ndivyo vinavyowasumbua wengi. Pikipiki hii huwashwa kwa kiki upande wa kulia, na kikanyagio kipya hukaa katika njia yake, basi tengeneza kinachokunjika. Breki ya nyuma nayo ipo upande huohuo. Ukifupisha fimbo yake, hakikisha fimbo na mkono wa breki vinafanya pembe ya karibu nyuzi 90 breki inapoanza kushika, la sivyo mguu utasukuma bure.

Filta ya wazi inapendeza pichani. Mimi siipendekezi: hubadilisha mchanganyiko wa kabureta na kuvuta vumbi na mvua ya masika. Bakiza boksi la filta.

Palipochomelewa pasilale bila praima, kwani hewa ya chumvi haisubiri. Ziba ncha za mabomba ya chesisi, weka grisi kwenye viunganishi vya umeme, na tumia bolti za stenlesi panapoonekana.

Jaribu breki karibu na gereji kabla ya safari ndefu. Mteja arudi baada ya kilometa 200, ukaze upya nati zote.