SOMO LA VIKUNDI: MJI WENYE AKILI HUANZA NA KUHESABU



Mwezi uliopita tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama hapa karibu. Chemchemi yao imebomoka, ng'ombe wanaingia mpaka ndani, na mvua ikinyesha maji yanageuka rangi ya chai. Walikuwa wamepeleka ombi ijengwe. Huko waliulizwa swali moja tu: ni nyumba ngapi zinachota hapo? Mwenyekiti akasema thelathini. Mweka hazina akasema zinapita mia. Wakaanza kubishana mbele ya mwenye ofisi, na ombi likaishia hapo. Hatuwacheki, kwa maana hata sisi tungeulizwa tungekisia tu.

Kwa hiyo tumechagua somo ambalo mtadhani ni la watu wa Nairobi. Siku hizi redioni mnasikia habari za miji yenye akili. Maana yake ni mji ambao unatumia simu, kompyuta na hesabu zilizokusanywa, ambazo wataalamu huziita data, ili kuamua mambo: taka zizolewe wapi kwanza, bomba gani linavuja, magari yapite njia gani. Serikali yetu ilitenga ekari 5,000 kule Konza, kusini mwa Nairobi, ili kujenga mji mpya wa namna hiyo, na Rais Kibaki akauzindua Januari 2013. Ni kazi kubwa na ya pesa nyingi. Lakini kwa vikundi kama vyetu, mwalimu mzuri zaidi ni Kibera.

Mpaka mwaka 2009, ukichukua ramani za kawaida za Nairobi, Kibera ilikuwa kama mahali patupu. Watu wote wale, nyumba, makanisa, vioski, hakuna! Mwaka huo vijana 13 wa hapo hapo Kibera walifundishwa kutumia chombo kidogo cha mkononi kinachopokea ishara za setilaiti. Wakatembea vichochoroni, wakaweka alama kila penye bomba la maji, choo, zahanati na shule, halafu wakaziingiza kwenye ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuiona bila kulipa. Kazi hiyo inaitwa Map Kibera. Tangu hapo mtu akisema "huku hatuna vyoo", anaweza kuweka kidole kwenye ramani.

Mwaka huo huo kulikuwa na sensa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakaongeza. Sensa ikahesabu watu 170,070. Wengi hawakukubali, na mabishano yakawa makali. Sisi hatutaamua hapa nani alikosea. Lakini fikirieni: ukipanga zahanati kwa watu milioni moja, na ukipanga kwa laki moja na sabini elfu, je, ni zahanati ile ile?

Mambo ya matatu nayo yanafurahisha. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakarekodi kila njia na kila kituo. Mwaka 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130, bure kwa kila mtu. Ukiangalia sana, elimu hiyo makanga walikuwa nayo vichwani siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika.

Huko Mathare mwaka 2015 kampuni ya maji ya jiji iliweka mashine za kuuzia maji. Wakati huo mama aligusisha kadi, lita 20 zikatoka kwa senti 50, na mashine ikaweka hesabu ya maji yaliyotoka. Ni jambo jema. Lakini mashine hata iwe na akili namna gani, ikiharibika mama bado ana kiu, kwa hiyo msiuze ndoo zenu.

Kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuunyamazia. Mwaka 2023 watu wengi Nairobi walipanga foleni wakapigwa picha za macho na mashine za Worldcoin, wakapewa sarafu za kompyuta za thamani ya kama shilingi 7,000. Wengi hawakujua picha zile zinakwenda wapi. Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari hizo za miili ya watu zifutwe. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019. Na nyinyi je? Lile daftari lenye majina na nambari za vitambulisho vya wanachama, linalala kwa nani? Mgeni akija kuwaandikisha, mwulizeni kwanza: unaandika kwa nini, nani atasoma, na sisi tutabaki na nakala?

Turudi kwenye chemchemi. Kompyuta haihitajiki. Watu wawili wakae hapo kwa zamu, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kila mtungi ukijazwa, chora mstari mmoja. Mstari wa tano ukate ile minne. Majina ya watu msiandike, hayana kazi hapa. Fanyeni hivyo siku ya kawaida, siku ya soko, na tena wakati wa kiangazi, maana hesabu ya siku moja hudanganya. Halafu chora ramani chini kwa majivu, kila nyumba iwe punje ya mahindi. Wazee na watoto wasahihishe, ndipo iingie kwenye karatasi. Tengenezeni nakala mbili, moja ibaki kwa katibu.

Karatasi hiyo mwende nayo kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti. Katiba ya 2010 inawapa wananchi haki ya kushiriki, si kupiga makofi tu.

Kwa majadiliano: soko letu la Lubao linajulikana mbali kwa kuuza mbwa, lakini nani amewahi kuhesabu watu wanaokuja siku ya soko, na vyoo wanavyohitaji? Katika kijiji chenu, ni jambo gani mnalobishania kila mara kwa sababu hakuna aliyelihesabu?

Akina mama wale wameshaanza. Karatasi ya kwanza ilinyeshewa na wino ukafutika wote. Sasa wanatumia penseli.